Marathoni ya Sinia: Mashine za Muziki Zilizoshika Mwendo Kuliko Zote, na Zilizopotea Njia

Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Gari lilimtangulia likichora mistari ya leza barabarani, wadhibiti kasi wakipokezana kumzunguka, na kila kilomita aliimaliza kati ya dakika 2:48 na 2:52. Sekunde nne tu za kupishana, kuanzia mwanzo hadi utepe! Kwa miguu ya binadamu, huo ni mwendo wa saa ya ukutani.

Uhamishie mwendo huohuo kwenye santuri, na mambo yanageuka. Sinia la gramafoni likipishana kiasi hicho, sauti ya mwimbaji inapanda na kushuka hadi mtoto wa darasa la pili atauliza mashine imepatwa na nini. Mwendo ukizidi, sauti inakuwa nyembamba. Ukipungua, inakuwa nzito. Wapima muziki huigawa kila nusu toni, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, katika senti 100, kama shilingi. Asilimia 1 ya mwendo ni senti 17. Kipchoge wa Vienna angeyumba karibu senti 40. Sikio lililozoea muziki hunasa tofauti ya senti 5 hivi.

Sikio hilo ndilo mwamuzi wa mashindano haya, na ni kali. Ili kila mtu aone nani kashinda kwa kiasi gani, mashine zote hapa tutazikimbiza marathoni. Moja inakwenda sawasawa, nyingine inakosea. Tunapima zimeachana mita ngapi pale ya kwanza inapogusa utepe.

1. Kosa kubwa kuliko yote: nusu marathoni

Tarehe 9 Aprili 1860, mjini Paris, Édouard-Léon Scott de Martinville aliimba kipande cha wimbo wa "Au clair de la lune" mbele ya chombo alichokibuni mwenyewe. Hii ni miaka 17 kabla ya fonografu ya Edison. Chombo cha Scott hakikuweza kurudisha sauti, wala hakikuundwa kwa kazi hiyo: kilichora mawimbi ya sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa na kuzungushiwa kwenye pipa, na pipa lilizungushwa kwa mkono.

Mkono haushiki mwendo, na Scott alilijua hilo. Kwa hiyo kando ya mstari wa sauti yake aliweka uma wa kupimia sauti nao uchore mstari wake. Uma hauchoki wala hauharakishi. Mahali pipa lilipokwenda haraka, mawimbi ya uma yalitanuka, lilipozubaa, yakabanana.

Machi 2008, watafiti wa kundi la First Sounds, wakisaidiwa na wanasayansi wa maabara ya Lawrence Berkeley ya California, waliisoma karatasi ile kwa kompyuta na kuirudisha kuwa sauti. Uma uliwanyooshea kila mahali palipopinda. Dunia ikasikia sauti nyembamba iliyodhaniwa kuwa ya binti au mwanamke, baada ya miaka 148 ya ukimya.

Mwaka uliofuata hesabu ikakaguliwa upya. Uma uliochukuliwa kuwa unatikisika mara 500 kwa sekunde ulikuwa ukitikisika mara 250, kwa sababu Wafaransa wa enzi hizo walihesabu kwenda mara moja na kurudi mara ya pili. Mwendo wote ulikuwa umezidishwa mara mbili. Ulipopunguzwa nusu, binti akatoweka, akatokea mwanaume anayeimba taratibu, anayeaminika kuwa Scott mwenyewe.

Senti 1,200, oktavu kamili! Kwenye marathoni yetu, mkimbiaji wa 2008 anakata utepe wakati mwenzake sahihi ndiyo kwanza anafika kilomita 21.1. Hakuna kosa jingine katika makala haya linalolikaribia hili, na bado nawavulia kofia waliolifanya: walisoma masizi ya karne moja na nusu, na walipokosea walikosea mara mbili kamili, kosa linalorekebishika kwa mgawanyo mmoja.

2. Polepole kuliko zote, haraka kuliko zote

Kwa mizunguko, mshindi wa polepole ni sahani za vitabu vya kusikiliza zilizotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwa wasioona: mizunguko 8⅓ kwa dakika. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde 7.2. Silinda za nta za Edison zilifikia mizunguko 160 kwa dakika, karibu mara ishirini ya hapo. Katikati wamo wanaojulikana: 16⅔, 33⅓, 45 na 78.

Lakini sindano haijui mizunguko, inajua mita. Basi tuzikimbize. Utepe wa kaseti ya kawaida hupita kwenye kichwa kwa sentimita 4.76 kila sekunde, na ungeikamilisha marathoni kwa siku 10 na saa 6. Mfereji wa ndani kabisa wa santuri ya 33⅓ ungetumia karibu saa 56, na mfereji wa nje wa santuri hiyohiyo ungetumia saa 23 tu, maana duara la nje ni kubwa na wakati wa mzunguko ni uleule, sekunde 1.8. CD, ambayo husomwa kwa mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, ingefika kwa saa nane na dakika 22 hadi saa kumi kasorobo: mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka.

Na anayewapita hawa wote nyumbani? Si gramafoni wala redio kaseti. Ni deki ya video ya VHS yenye sauti ya hi-fi. Ndani yake mna ngoma yenye kipenyo cha milimita 62 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika katika nchi zetu, na vichwa vilivyo kwenye ngoma hiyo hupita juu ya utepe kwa karibu mita 4.9 kila sekunde. Marathoni: saa 2 na dakika 24. Kipchoge wa Vienna angeiacha kwa dakika 25, lakini wengi wetu ingetuacha mbali sana.

3. Namba iliyobishaniwa kuliko zote: 78

Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake za 78 zikaenea pwani nzima. Zilichezwa kwenye gramafoni za kukorogwa kwa mkono, zenye springi ndani na kidhibiti chenye vyuma vidogo vinavyotanuka mwendo unapozidi, vikaibana breki. Pembeni palikuwa na skrubu ya kuongeza na kupunguza. Mwenye gramafoni ndiye aliyeamua Siti aimbe kwa kimo gani.

Na hata angetaka kufuata namba, angefuata ipi? Kipimo cha kukagulia mwendo ni karatasi ya mviringo yenye mistari, inayotazamwa chini ya taa ya umeme. Taa huwaka na kufifia mara mbili kwa kila wimbi la umeme. Mwendo ukiwa sawa, mistari inaonekana imesimama. Marekani yenye umeme wa hezi 60 ilitumia mistari 92 na kupata mizunguko 78.26. Nchi za hezi 50 zilitumia mistari 77 na kupata 77.92. Kwa hiyo dunia ilikuwa na 78 mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa 78. Tofauti ni senti 7.5, au mita 183 za marathoni.

Hizo ni za enzi ya mota za umeme. Sahani za kabla ya hapo zilikatwa kwa mwendo wowote wa kuanzia sabini na kitu hadi zaidi ya themanini. Sahani iliyokatwa kwa 76 ikichezwa kwa 78, sauti inapanda senti 45, thumni kasoro senti tano. Anayehifadhi santuri za zamani leo hawezi kuamini lebo. Lazima asikilize udi, akadirie nyuzi zilikazwa wapi, kisha aamue. Naiheshimu kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote katika uwanja huu.

4. Kosa kubwa zaidi linaloingia kwa mlango wa mbele

Ndugu yuko Marekani, anatuma gramafoni nzuri ndani ya kontena. Imeandikwa volti 120. Fundi analeta transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230 au 240, taa inawaka, sinia linazunguka, kila mtu anapiga makofi. Kisha anaimba mwanamke, na sauti ni ya mwanaume mwenye mafua.

Transfoma hushusha volti, hezi haigusi. Gramafoni nyingi za zamani zina mota inayofuata mawimbi ya umeme hatua kwa hatua, na hapa inapata 50 badala ya 60. Santuri ya 33⅓ inazunguka mara 27.8. Sauti inashuka senti 316, zaidi ya nusu toni tatu, na wimbo wa dakika tatu unakwisha kwa dakika tatu na sekunde 36. Mwenzake akigusa utepe, yeye amebakiza kilomita 7.

Dawa yake ni ndogo kuliko kisoda: kigurudumu cha shaba kilichochomekwa kwenye mota, kile kinachoivuta belti. Kwa hezi 50 kinatakiwa kiwe kinene kwa asilimia 20 zaidi. Watengenezaji kama Thorens wa Uswisi walitengeneza vyote viwili, cha 50 na cha 60. Mwenye mashine ya kutoka ng'ambo aanze kukagua hapo kabla ya kumlaumu mwimbaji.

Na tukiwa kwenye umeme: kwa santuri za 45, hezi 60 zinatushinda kihalali. Kwao mistari 160 hutoa 45 kamili. Kwetu ingehitajika mistari 133 na theluthi, na theluthi ya mstari haichoreki, kwa hiyo mistari 133 hutoa 45.11. Kwenye marathoni ni mita 105 na ushei. Uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli!

5. Kosa mashuhuri kuliko yote

Tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York, mpiga tarumbeta Miles Davis na wenzake walirekodi nyimbo tatu ambazo zilikuja kuwa upande wa kwanza wa albamu ya "Kind of Blue". Mashine kuu ya kurekodi ilikuwa ikienda polepole kidogo. Utepe wake ulipochezwa kwenye mashine iliyokwenda sawa, nyimbo zote tatu zikaharakishwa na kupanda, kwa kiasi kinachotajwa kuwa karibu robo toni. Thumni nzima.

Wanafunzi wa jazi walioketi na tarumbeta zao wakifuatisha upande wa kwanza walikuta hawaingiani na sahani. Wakigeuza upande wa pili, uliorekodiwa Aprili, mambo yanakaa sawa. Suluhisho lilikuwa limelala kabatini muda wote: siku ile mashine ya pili ilirekodi utepe wa akiba, na hiyo ilikwenda sawasawa. Utepe huo ulitumika kwa mara ya kwanza katika toleo la 1992.

Miaka 33. Albamu ilipotoka, Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru. Iliposahihishwa, Tanzania ilikuwa imerudisha vyama vingi. Na hili si jambo la albamu ya pembeni: kufikia 2019 ilikuwa imethibitishwa kuuza nakala milioni 5 Marekani pekee, na Mkoa wa Dar es Salaam wote, kwa sensa ya 2022, una watu milioni 5.38.

6. Thabiti ajabu, kwenye mwendo usio wake

Turudi kwa deki ya video, maana ina rekodi nyingine mbili na zinapingana.

Ya kwanza ni ya uthabiti. Sauti ya hi-fi ya VHS huandikwa na vichwa vilivyo kwenye ngoma inayozunguka, na ngoma hiyo imefungwa kwenye mapigo ya picha. Ikiyumba, picha inavunjika. Vitabu vya deki hizo viliandika kuyumba kwa asilimia 0.005. Kwenye marathoni ni mita 2.1, kitanda kimoja. Deki hiyo hiyo iliyochezesha kaseti za harusi za mtaani iliweza kushika sauti kwa uthabiti kuliko gramafoni za mamilioni.

Ya pili ni ya kosa. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya PAL, ambayo ndiyo iliyotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, huonyesha picha 25. Njia iliyozoeleka ilikuwa nyepesi: kuikimbiza filamu. Mwendo ukapanda kwa asilimia 4.17, sauti ya kila mwigizaji na kila fidla ikapanda senti 71, na sinema ya saa mbili ikaisha dakika 4 na sekunde 48 kabla ya wakati. Mwenzake sahihi amebakiza karibu kilomita 1.7.

Kwa maoni yangu hakuna kosa la mwendo lililoingia sebule nyingi zaidi na kugunduliwa na wachache zaidi. Sababu ni kwamba halikuyumba. Sikio husamehe upesi kitu kilichopinda moja kwa moja. Kinacholiudhi ni kile kinachopinda na kunyooka, hasa mara nne hivi kwa sekunde. Ndiyo maana mwendo sahihi na mwendo thabiti hupewa medali mbili tofauti.

7. Adui asiyeshindika kwa mota: tundu

Toa santuri, tazama tundu la katikati. Likiwa limekosea katikati kwa nusu milimita tu, basi kwenye mifereji ya ndani, sentimita 6 kutoka katikati, mwendo unapanda asilimia 0.83 na kushuka asilimia 0.83 katika kila mzunguko. Senti 14 juu, senti 14 chini, kila sekunde 1.8. Piano ndiyo huumbuka kwanza, maana noti yake ndefu haina pa kujificha. Ukiinama usawa wa sinia utaona mkono wa sindano ukienda kushoto na kulia taratibu, kama unakataa.

Hapo mota ya milioni kumi na mota ya elfu kumi ni sawa. Ukichukua upande mmoja wa yumba hilo, marathoni inapotea mita 350, karibu mzunguko mzima wa uwanja wa riadha.

Kampuni moja ilikataa kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nakamichi wa Japani walitoa TX-1000. Ukiweka santuri, mkono wa pili wenye kihisio unashuka kwenye mfereji wa mwisho, unapima umepinda kiasi gani, kisha mota ndogo zinausogeza uso wa juu wa sinia, pamoja na santuri yake, hadi mifereji ikae katikati kweli. Ndipo muziki unaanza. Medali ya ukaidi wa kiufundi ni yao, bila mjadala.

8. Mwepesi wa kuanza, na mzito wa kupindukia

Technics SP-10 ya mwaka 1970 ilitupa belti nje: sinia likakaa moja kwa moja juu ya mota. Toleo la pili, la 1975, likaongezewa kristali ya kwazi ya kusimamia mwendo, na hilo ndilo lenye haraka ya kutisha: kutoka kusimama hadi 33⅓ kamili kwa sekunde 0.25, likiwa limegeuka nyuzi 25 tu. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, katika robo sekunde ya kwanza tangu mlio wa bastola viatu vyake vilikuwa bado kwenye vitalu. Sinia lile lingekuwa tayari linaimba.

Mdogo wake, SL-1200MK2 wa 1979, alitumia sekunde 0.7, na kwa kitelezi chake cha asilimia 8 juu au chini aliwapa madijei zaidi ya senti 130 za kuchezea kila upande. Familia ya SL-1200 imeuza zaidi ya mashine milioni 3.5. Kaunti ya Mombasa, kwa sensa ya 2019, ina watu milioni 1.2, zidisha karibu mara tatu.

Wapo wanaotafuta uthabiti kwa uzito badala ya haraka. Clearaudio Statement ya Ujerumani ina kilo 350, sawa na mifuko saba ya saruji, ili kuzungusha santuri yenye gramu 180 au pungufu.

9. Pambano kubwa: kaseti dhidi ya santuri

Kwa karatasi, kaseti haikuwa na haki hata ya kuingia uwanjani. Philips waliitambulisha Berlin mwaka 1963 kwa ajili ya kurekodi maneno. Utepe una upana wa milimita 3.81. Ungeuambia uvuke uwanja wa mpira wa mita 105, ungetumia karibu dakika 37. Upande mmoja wa C90 ni dakika 45, kipindi kimoja cha mpira, na katika kipindi hicho chote utepe husafiri mita 128 na nusu, uwanja mmoja na ziada kidogo. Mwendo mdogo hivyo huadhibu kila kasoro: punje ya vumbi kwenye roli ya mpira, belti iliyolegea, mhimili uliopinda kwa upana wa unywele.

Na sisi tulizijua kasoro hizo kwa majina. Betri zikichoka, bendi nzima inazama: magitaa yanaburuza, mwimbaji anazeeka katikati ya ubeti. Betri zilitolewa zikaanikwa juani, zikarudishwa, na bendi ikafufuka kwa nyimbo mbili tatu. Kurudisha utepe nyuma kulifanywa kwa kalamu ya biki ili betri zisiliwe bure. Sijui chombo kingine kilichofundisha watu wengi hivyo kwamba mwendo na sauti ni kitu kimoja.

Kiwango cha Wajerumani cha DIN 45500, cha miaka ya 1960, kiliruhusu mashine iitwe hi-fi ikiyumba hadi asilimia 0.2 juu au chini. Hizo ni senti 3.5 na mita 84, na tayari ni uthabiti mara sita ya Kipchoge wa Vienna. SL-1200MK2, gramafoni bora ya madijei, iliandikwa asilimia 0.025: mita 10 na nusu, pungufu ya urefu wa basi kubwa la abiria.

Kisha mwaka 1982 ikaja Nakamichi Dragon. Asilimia 0.019. Mita 8!

Kaseti imeishinda santuri, na ushindi ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Namba ya gramafoni ile ilipimwa kwenye sinia lenyewe, bila santuri, bila sindano, bila tundu lililopinda. Namba ya Dragon ilipimwa utepe ukipita. Kifaa kilichozaliwa kurekodi maneno kilivuka utepe kikiwa mbele ya malkia wa madijei kwa mita mbili na nusu, na kimebeba mzigo wake wote mgongoni.

10. Sahihi kuliko zote

Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony walianza kuuza CDP-101 nchini Japani, na mashindano yakabadilika. CD huzunguka kwa mwendo unaobadilika makusudi, kutoka mizunguko 500 hivi kwa dakika ikianzia ndani hadi 200 hivi nje, na bado sauti haiyumbi. Kinachosomwa huwekwa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha kristali ya kwazi hukitoa kwa mpangilio: sampuli 44,100 kila sekunde. Sahani inaweza kuyumba itakavyo. Saa ndiyo inayoimba. Njia yake ya duara ndani ya duara ina urefu wa kilomita 5.38. Inyooshe isimame, itaupita Mlima Kenya wenye mita 5,199 na kupungukiwa kidogo na Kilimanjaro, mita 5,895.

Hata namba 44,100 yenyewe ni maridhiano ya hezi 50 na 60. Sauti ya kwanza ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye mikanda ya video, na namba hiyo ilikubali pande zote mbili: 3 mara 245 mara 60, au 3 mara 294 mara 50. Ugomvi wa mistari ya 78 ukaisha kwa hesabu moja.

Kristali yenye kosa la sehemu 100 kwa milioni humpoteza mkimbiaji mita 4.2, senti 0.17. Sikio limeshaachwa nyuma zamani. Lakini kuna wasiotosheka, na kwa ajili yao kampuni kama Esoteric na Antelope ziliuza saa za atomu za rubidi za kuongoza mashine za muziki sebuleni. Saa za aina hiyo hupotea chini ya sehemu moja ya bilioni kwa mwaka. Marathoni nzima, kosa ni milimita 0.04, jembamba kuliko unywele. Kwa kimo cha sauti hakuna binadamu anayeweza kuisikia tofauti hiyo, na ninalisema hilo bila kuipunguzia rekodi hata chembe. Rekodi ni rekodi.

11. Mwamuzi wa bei nafuu kuliko wote

Mashindano haya yana uwanja nyumbani kwako. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, weka santuri, shusha sindano ili mota ibebe mzigo wake wa kweli, na shika saa ya simu. Kwa 33⅓, mizunguko 100 ni dakika tatu kamili; kwa 45, dakika hizo ni mizunguko 135. Ukimaliza mia kwa sekunde 181, mashine yako inachelewa kwa asilimia 0.55, sauti imeshuka senti 9.6, na kwenye marathoni yetu imeachwa mita 233. Rudia mara mbili zaidi kabla ya kugusa skrubu ya mwendo, halafu igeuze robo tu ya mzunguko kwa kila jaribio.